Inchi 16 zinatosha

Katika matoleo yaliyopita ya jarida letu tumeandika sana juu ya njia: mpaka tuliovuka, mvua ya usiku ule, foleni ya karatasi. Mimi leo naomba nafasi niandike juu ya janta za gari. Janta ni ile chuma ya duara ambayo tairi inakaa juu yake. Ndugu zetu wa Kenya na Tanzania wanaiita rimu. Nataka kusema jinsi ukubwa wake unavyochaguliwa pale mtu anapotaka gari yake ikimbie vizuri kwenye kiwanja cha mashindano, kona baada ya kona, saa ikihesabu. Wasomaji wa kambini msiniondokee mapema. Chukudu imo, dumu la maji limo, na hata zile Land Cruiser nyeupe za mashirika zimo.

Nafanya kazi kwenye gereji ndogo hapa Masoro, pale ambapo lami nzuri ya eneo la viwanda inakwisha na vumbi linaanza. Wengine wanaijua Masoro kwa chuo kikuu cha Waadventista, wengine kwa viwanda. Volkswagen walifungua kiwanda chao cha kuunganisha magari mwaka 2018 hapa kwenye eneo maalum la kiuchumi la Kigali, na vijana wengi wa huku wanatamani ovaroli ya pale. Sisi hatuna ovaroli za kufanana. Tuna jeki mbili, kompresa, mashine ya zamani ya kutoa tairi, na bosi ambaye wote tunamwita Patron. Mimi nilikuja kutoka kambi ya Mugombwa, wilaya ya Gisagara, ambako mama yangu bado anaishi. Hilo nalitaja juu pesa inaingia kwenye habari hii.

Mwenye gari alikuwa kijana aliyekulia Buyenzi, Bujumbura, kwa hiyo Kiswahili chake ni kitamu na hakina haraka. Ana Subaru Impreza WRX ya miaka ya mwanzo ya 2000, rangi ya buluu. Yeye na wenzake wana kikundi: wanaomba uwanja wenye lami siku ambayo hauna kazi, wanapanga koni, kila mmoja anakimbia peke yake, mwenye sekunde chache ndiye mshindi. Gari ilikuwa na janta zake za kiwandani, inchi 16.

"Fundi, mimi nataka dizwiti," aliniambia. "Nyeusi, pana. Hizi kumi na sita ni za mzee anayeenda sokoni."

Dizwiti ndiyo 18, kwa Kifaransa chetu cha gereji. Na Patron alikuwa nazo nne stoo, zimekaa miezi sita bila mnunuzi, tairi zikiwa juu yake tayari. Zikiuzwa, kuna fungu la fundi anayezifunga. Fungu lile lingekuwa karibu nusu ya mshahara wangu wa mwezi.

Nikainama kusoma ubavu wa tairi iliyokuwepo: 205/55R16. Namba hizi kila mtu anaziona, wachache wanazisoma, kwa hiyo tuzisome pamoja. 205 ni upana wa tairi kwa milimita. 55 ni asilimia: urefu wa ubavu ni asilimia 55 ya ule upana, yaani kama milimita 113. 16 ni kipenyo cha janta kwa inchi, na inchi ni milimita 25.4, kwa hiyo unapata 406. Jumlisha janta na ubavu wa juu na ubavu wa chini: gurudumu zima lina milimita 632. Zile za Patron zilikuwa 225/40R18. Hesabu ni ileile. Ubavu milimita 90, janta 457, jumla 637.

Milimita tano tu! Kwa macho gari inaonekana imevaa magurudumu makubwa, lakini gurudumu lenyewe halikukua. Kilichokua ni chuma, na kilichopungua ni mpira.

Hapo ndipo watu wengi wanachanganya, na mimi nilisaidiwa na baba kabla sijajua gari. Baba alikuwa anachonga chukudu Kibumba, kaskazini ya Goma. Kwa wageni wa mashirika ambao hawajaiona: chukudu ni kifaa cha mbao cha magurudumu mawili, unakipakia viazi, makaa au mbao, mlimani unakisukuma, mteremko unakipanda na kushuka nacho. Gurudumu ni la mbao, katikati rulema, nje kipande cha tairi kuukuu kimepigwa misumari. Goma wameijengea hata sanamu kwenye mzunguko wa barabara. Baba alikuwa na vipimo viwili vya gurudumu. Mteja akifika hakumuuliza anapenda lipi. Alimuuliza: "Unapita wapi, na unabeba nini?" Yule aliyefanya kazi mjini, kwenye mawe ya lava yaliyobaki baada ya Nyiragongo kulipuka mwaka 2002, alipewa gurudumu kubwa, juu dogo linaanguka katikati ya jiwe na jiwe. Yule wa kushuka na mzigo mzito kutoka juu alipewa dogo: mzigo unakaa chini, chukudu haiyumbi, na ni nyepesi kuipandisha tena ikiwa tupu.

Kwenye chukudu, basi, gurudumu kubwa ni kubwa kweli. Linapita juu ya shimo. Kwenye gari ya mteja wangu janta kubwa haileti faida hiyo kabisa, kwa sababu nafasi chini ya bawa la gari ni ileile na kipenyo cha nje lazima kibaki karibu palepale, la sivyo tairi inakula plastiki ya ndani na kipimo cha mwendo kinasema uongo. Umenunua ukubwa wa kutazama.

Tazameni upande wa pili, nyinyi mnaokuja kambini kwa kazi. Land Cruiser ile ndefu ya mashirika, ambayo watoto wa Mugombwa wanaitambua kwa sauti ya dizeli kabla haijafika getini, mara nyingi imevaa tairi 7.50R16. Janta ni inchi 16, sawa na ya Subaru yetu. Lakini gurudumu zima lina karibu sentimeta 80 kwenda juu. Yaani kati ya chuma na ardhi kuna kama sentimeta 20 za mpira. Waliochagua vile hawakukosa pesa ya janta kubwa. Walijua barabara ya kwenda kambini, na walijua kwamba mpira ndio unaopokea jiwe kabla chuma haijapokea.

Lakini uwanja wa koni hauna mawe, mtaniambia, na ndivyo mteja alivyoniambia pia. Sawa. Ndiyo maana nikaenda kuazima mizani ya jirani anayeuza viazi.

Tulitoa gurudumu moja la 16, na tairi yake, tukalipima: kilo 17 na nusu. Lile la 18 la Patron: kilo 23. Tofauti ni kilo tano na nusu, mara nne ni kilo 22. Hilo ni dumu la lita 20 limejaa maji, na kikombe juu yake, kila mtu wa kambini mgongo wake unalijua. Mteja akacheka. "Kilo 22 ni nini kwa gari ya kilo elfu moja na mia tatu? Nitamshusha rafiki yangu mmoja tu!"

Hapa ndipo nilitumia muda mrefu, juu ni hapa gari inaposhindwa au kushinda. Kilo haziko sawa kila mahali. Kumbukeni matope ya kambini mwezi wa nne. Ukibeba kilo mbili za udongo kwenye begi mgongoni, unaweza kukimbia. Udongo uleule ukishika chini ya viatu vyako vya mpira, kilo moja huku na moja huku, jaribu kukimbia uone. Uzito uliopo mguuni lazima uuinue na kuushusha kila hatua. Gurudumu ndilo mguu wa gari. Liko chini ya springi na amotiseri, yaani shokabu, na kila bonde dogo la lami lazima lirushwe juu na lirudishwe chini. Likiwa zito linachelewa kurudi, na kwa muda ule ambao tairi imeguswa kidogo na ardhi, au haijaguswa, hakuna freni na hakuna kona.

Jambo la pili ni kwamba gurudumu linafanya kazi mbili: linakwenda mbele na linazunguka. Geuza baiskeli juu chini, funga jiwe kwenye ukingo wa gurudumu, ulizungushe kwa mkono. Halafu lisogeze lile jiwe karibu na katikati. Mkono wenyewe utakuambia. Kilo iliyopo pale pembeni kabisa, kwenye ngozi ya tairi, wakati wa kuongeza mwendo inaisumbua injini kama kilo mbili zilizokaa kwenye kiti. Ukienda kwenye janta kubwa zaidi, chuma inasogea kutoka katikati kwenda pembeni, kule inakosumbua zaidi. Na wakati wa kufunga freni unalipa tena kile ulicholipa wakati wa kukimbia.

Kigali inaongeza lake. Tuko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, injini isiyo na turbo inapoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000. Subaru yake ina turbo, inajisaidia. Lakini turbo ile inachelewa kuamka ukitoka kwenye kona ya polepole, na uwanja wa koni ni kona za polepole tupu. Hapo ndipo gurudumu jepesi linapokusaidia. Kuna wanaoshuka hata hadi tairi yenye kipenyo cha nje kidogo, mfano 205/50R15, milimita 586 badala ya 632. Ni kama umebadilisha gia zote ziwe fupi kwa asilimia saba hivi: gari inaruka kutoka kwenye kona, ila mwendo wa juu unapungua. Tuliazima janta moja ya 15 tukaijaribu mbele. Iligusa etriye, ule mkono wa freni unaoshika diski. Mjadala wa 15 ukaishia pale.

Na kile kipimo, kwa kweli, ndicho cha kwanza kuliko vyote: freni. Janta lazima ipite juu ya diski na etriye yake bila kugusa. Kwa gari ya mizunguko mimi nachukua janta ndogo kuliko zote inayopita juu ya freni unazohitaji, kisha naitafutia tairi nzuri kuliko zote unayoweza kulipia. Upana si sababu ya kwenda 18. Ukitaka tairi ya 225, ipo 225/50R16, milimita 631, inakaa vizuri kwenye janta ya 16 yenye upana wa inchi 7.

Patron alikuwa anasikiliza kutoka mlangoni. Mteja alipotoka kwenda kununua maji, aliniita.

"Wewe ni fundi au ni mshauri wa shirika?"

"Fundi, Patron."

"Mteja anataka kununua. Wewe unamfundisha asinunue."

Mwenzangu mmoja, Mkongomani kama mimi lakini wa zamani hapa mjini, akanivuta pembeni na kuniambia kwa Kiswahili cha nyumbani: "Ndugu, acha ile mambo. Wewe uko mugeni hapa. Funga ile janta, chukua feza yako, tumia mama kule Mugombwa." Hakusema kwa ubaya. Kati yetu tuliotoka kambini wengi tunafanya kazi hivyo, macho chini, na sina la kumlaumu mtu. Lakini kuna kitu nilijua ambacho Patron hakutaka kukipigia hesabu: zile 18 hazikuwa na kuingia kunakofaa gari ile.

Nieleze. Nyuma ya janta kuna herufi ET na namba. Inaonyesha uso wa janta unaoshika kwenye hubu uko mbali kiasi gani na mstari wa katikati ya janta. Subaru ile kiwandani iko kwenye hamsini na kitu. Zile za stoo zilikuwa ET35. Maana yake gurudumu zima linatoka nje karibu sentimeta mbili, na upana wa ziada juu yake. Watu wanapenda, gari inasimama kama mtu aliyepanua miguu. Lakini rulema inabeba mzigo kwa mkono mrefu zaidi, volani inavutwa ukipita kwenye ufa wa lami, na ukikata kona yote tairi inasugua bawa. Angalau matundu ya bolti yalilingana, matano kwenye duara la milimita 100. Nimeona wengine wanaochukua janta za milimita 114.3 na kuzifunga kwenye Subaru ya 100 kwa vipande vya chuma vya kuunganisha, visivyojulikana vimechongwa wapi. Kwenye mizunguko mimi siwezi kumfungia mtu kitu hicho. Siwezi.

Nilimwambia Patron: "Mwache ajaribu zote mbili siku ya mazoezi yao. Akizitaka 18 baada ya hapo, nitazifunga mwenyewe na fungu langu litabaki kwako." Alifikiri kidogo. Mtu wa biashara haogopi mashindano ambayo tayari ameahidiwa faida. Akakubali.

Jumapili tulikwenda kwenye uwanja wa lami wa ghala moja, mwenyewe akiwa ametupa ruhusa. Koni 14, kona mbili za kugeuka kabisa, sehemu moja ya kupinda huku na huku kama nyoka. Niliweka upepo mwenyewe: bari 2.2 tairi zikiwa baridi. Nikapaka chaki nyeupe begani mwa tairi, pale ngozi inapokutana na ubavu. Ujanja huu hauna gharama: baada ya mzunguko unaangalia chaki imefutika hadi wapi. Ikifutika hadi ubavuni, tairi inalala kwenye kona, ongeza upepo. Ikibaki hata begani, upepo ni mwingi, punguza. Nazieleza hizi juu sitaki mtu adhani janta ndogo haina kasoro. Ubavu mrefu unalala. Ukigeuza volani ya gari yenye ubavu wa milimita 113, kuna nusu ya pumzi kabla gari haijakuitikia. Ubavu wa 90 unaitikia upesi, na kijana alilisema hilo mara tu aliposhuka kwenye gari ikiwa na 18: "Unasikia vile inajibu?" Kweli, ilikuwa inajibu.

Saa ya simu ikasema mengine. Mizunguko mitatu kwa kila janta. Bora ya 18: sekunde 39.1. Bora ya 16, baada ya kupandisha upepo kidogo kufuatana na chaki: 38.4. Tairi hazikuwa za kampuni moja wala za umri mmoja, kwa hiyo simwambii mtu kwamba ile tofauti yote ni ya janta. Lakini zile za 18 ndizo zilikuwa pana na mpya zaidi, na bado zilichelewa. Ukisimama pembeni ulikuwa unaona ni wapi: kila ilipotoka kwenye kona ya kugeuka, na pale palipokuwa na mfuniko wa mtaro, ambapo gari iliruka kidogo na kupoteza mstari.

Kijana hakukubali kirahisi. Alikuwa na silaha moja iliyobaki, na wengi mtaisikia, hasa tangu Desemba 2024, Rais Kagame alipotangaza kwenye hafla ya FIA hapa Kigali kwamba Rwanda inaomba kuandaa Formula 1. "Mbona Formula 1 wanatumia 18?"

Wanatumia, tangu 2022. Kabla ya hapo, hadi mwisho wa 2021, walitumia inchi 13, ndogo kuliko ya teksi nyingi. Na kwenye 13 hizo Lewis Hamilton alizunguka Monza wakati wa kufuzu mwaka 2020 kwa dakika 1 na sekunde 18.887. Walihamia 18 kwa sehemu kubwa ili gurudumu lifanane na la magari ya barabarani. Halafu pimeni: tairi waliyohamia 2022 ilikuwa na kipenyo cha nje cha milimita 720. Toa janta ya 457, gawa kwa mbili, ubavu unabaki zaidi ya sentimeta 13. Huo ni mrefu kuliko ule wa 205/55R16 tuliyokuwa tunaidharau! Aliyeona janta ya 18 kwenye televisheni hakuona mpira unaoizunguka.

Kwenye rali mambo yako wazi zaidi. Mashindano ya dunia yanatumia janta za 18 kwenye lami na 15 kwenye changarawe: gari ni ileile, dereva ni yuleyule, barabara ndiyo inayochagua. Huye wana rali yao ya kumkumbuka Gakwaya, kwenye vumbi, na hapo sijaona mtu mwenye akili anakuja na ubavu mwembamba. Na wazee wanaopenda Safari watakumbuka mwaka 1993, Patrick Njiru wa Kenya alipoimaliza Safari Rally kwa Subaru Vivio, kagari ka sisi 660 chenye vigurudumu vya kuchezea, wakati magari makubwa kadhaa yalibaki porini. Hiyo haithibitishi kwamba vidogo hushinda, bali tu kwamba havikuzuii kufika.

Sina chuki na 18. Kuna magari yanayozihitaji, juu freni zake ni kubwa, na kuna tairi nzuri sana za mizunguko ambazo kiwanda hakitengenezi kwa 15 wala 16. Mtu akiniletea gari ya namna hiyo nitamfungia bila maneno. Na mtu anayetaka gari ipendeze ana haki yake pia. Zile nne za Patron zilinunuliwa mwezi uliofuata na mwenye gari ya kukodisha kwenye harusi, zikampendeza kweli, na gari ile haiendi zaidi ya kilomita 40 kwa saa na maua juu yake.

Kijana wa Buyenzi alibaki na janta zake za 16. Pesa ya janta ilikwenda kwenye tairi nne nzuri za kipimo kilekile, plaketi za freni, mafuta mapya ya freni, na paralelisme, tukilaza magurudumu ya mbele kidogo kwa ndani juu ili tairi isimame sawa kwenye kona. Patron alipata faida kidogo kuliko alivyotaka. Fungu langu lilikuwa dogo pia. Mwezi ule mama alipata nusu ya nilichozoea kutuma, na nilimweleza kwa simu sababu. Aliuliza swali moja tu: kama yule mteja atarudi.

Alirudi. Kwanza alirudi baada ya kilomita 50 kukaza bolti, kama nilivyomwomba. Kisha akaleta wenzake wawili wa kikundi, mmoja na Corolla, mmoja na Golf, na siku hizi wakifika wanauliza kwanza mizani ya viazi iko wapi. Patron hajanisifu, ila ameninunulia kitabu cha kuandikia vipimo, na mteja akileta maneno ya janta ananiita mimi.

Mwezi uliopita kijana amekuja na jambo jipya. Amepata freni za Brembo zilizotolewa kwenye STI iliyogongwa, diski za milimita 326 mbele. Anataka kuzifunga kwa sababu zake za kawaida zinachemka baada ya mizunguko minne na pedali inazama. Hilo ni kweli, nimelinusa mwenyewe. Tulichukua kadibodi, nikachora diski na etriye kwa kipimo halisi, nikaikata, nikaiingiza ndani ya janta ya 16. Haikuingia.

"Sasa fundi?" aliniuliza, akitabasamu kama mtu aliyenikamata.

"Sasa dissept," nikamwambia. "Kumi na saba. 225/45R17, milimita 634. Na tafuta nyepesi, tutaipima kabla hujalipa."